Upande wa Pili wa Santuri ya Ipole

Fundi wangu wa gramafoni ana tabia moja iliyonichukua muda kuielewa. Ukimpelekea santuri, hauangalii upande wa kwanza. Anaigeuza, anaiinua hadi usawa wa dirisha, anafuata kwa macho mwanga unavyoteleza juu yake, ndipo anakuuliza umeitoa wapi. Upande wa kwanza, anasema, ni ule ambao kampuni ilitaka uuzike. Upande wa pili ni ule ambao wanamuziki walijipigia wenyewe.

Ni mama aliyevuka miaka sitini, na kibanda chake kiko nyuma ya soko hapa Tabora mjini. Alikirithi kwa baba yake, aliyekuwa akitengeneza gramafoni za wenye maduka na za watu wa reli. Leo kazi inayompa chakula ni redio na hizi spika ndogo za kuchaji. Gramafoni anazitengeneza kwa ajili ya watu wachache kama mimi, na nadhani kwa ajili yake mwenyewe. Miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi unaopita nyuma ya ushungi. Mimi namwita mama, yeye ananiita mwandishi, kwa sababu zamani niliwahi kupeleka habari za mkoa redioni na kwa sababu siingii kibandani kwake bila daftari.

Nakusanya santuri za soul, ule muziki wa Wamarekani weusi. Si zile za Wamarekani tu, ingawa hizo nazo zilifika hapa. Zilishuka na treni kutoka Dar es Salaam, nyingine zilikuja na wafanyabiashara kutoka Nairobi, nyingine zilivuka ziwa na kuingilia Kigoma. Ukichora njia zake kwenye ramani, utakuta umechora karibu ile ile njia ya misafara ya zamani. Ninazozitafuta zaidi ni zile zilizopigwa na bendi zetu wenyewe. Wazee waliocheza dansi miaka ya sabini wananiambia kuwa kuna kumbi ambazo soul haikutakiwa, ilionekana ni ya wahuni. Basi bendi ilipokwenda kurekodi, dansi liliwekwa upande wa kwanza, na soul, kama ilipata nafasi, ikafichwa nyuma.

Watu wakisikia bei ya santuri hizi hudhani inatokana na uzee. Kama ni uzee, ningekuwa tajiri. Nina santuri za zamani kuliko mimi ambazo huwezi kuzibadilisha hata kwa soda. Wimbo uliopendwa na Tabora nzima ulinunuliwa na kila nyumba, ukapigwa kila Jumamosi hadi sindano ikauchimba, na leo kila nyumba ina nakala moja iliyokwaruzika. Wenye thamani ni ule uliokosa wanunuzi. Nakala chache zilitolewa, nyingi zikabaki dukani, na mwenye duka akazikunja kwa maji moto akatengeneza vyungu vya maua. Zilizookoka ziko tatu, nne, hakuna ajuaye. Halafu siku moja mtu mmoja wa mbali anaupiga wimbo huo mbele ya vijana, wanaruka, na kila mpiga santuri anautaka kabla mwenzake hajaupata. Hapo bei inaondoka ardhini.

Baada ya hapo kila kitu kidogo kinahesabika. Karatasi ya kuhifadhia ikiwa haijachanika, bei inapanda. Tundu la katikati likipanuliwa, inashuka. Pale Ziba nilimkuta mfugaji mmoja ameipigilia santuri yake ukutani kwa msumari wa bati. Ilikuwa nzuri ukutani, ila ndiyo ilikuwa imekwisha. Na kuna maandishi. Zamani watu waliazimana santuri, kwa hiyo kila mtu aliandika jina lake kwenye lebo kwa kalamu ili irudi. Wakusanyaji hawayataki majina hayo. Wanataka lebo safi, kana kwamba santuri haikuwahi kuwa ya mtu.

Haya yote yamo kwenye daftari langu, na mengi alinifundisha yule mama. Nayaeleza mapema ili nitakaposimulia safari ya Ipole ieleweke kwa nini nilisimama pale kama mtu aliyeona nyoka.

Mnunuzi wa nta ndiye aliyenipa habari. Alisema kuna mzee mrina asali huko Ipole ana santuri inayong'aa kuliko kioo, na kwamba anadai ameimba humo. Nikapanda basi la Mpanda asubuhi. Nyumba yao haikuwa mbali na barabara. Mzee alikuwa amekaa uani akisuka kamba za kutundikia mizinga, na mkewe akipeta mahindi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwangaluka."

Nikaitikia kwa Kinyamwezi changu cha mjini, mama akacheka. Nilipotaja santuri, alicheka zaidi.

"Umeletwa na ile sahani? Pole sana mwanangu. Karibu uji."

Mzee aliingia ndani akatoka nayo imefungwa kwenye kitambaa. Niliitambua bendi kabla hajaifungua vizuri. Ilikuwa moja ya bendi za hapa zilizozaliwa na fedha za tumbaku, ikarekodi mara moja tu Nairobi, kisha ikavunjika. Upande wa pili wa santuri ile ulikuwa na soul ya Kiswahili ambayo kwa miaka minane nilikuwa nimesikia ikitajwa tu. Dar es Salaam kulikuwa na mnunuzi ambaye kwa nakala safi angenipa fedha za ng'ombe watatu katika mnada wa Ziba, na wa kuchagua.

Na ilikuwa inang'aa kweli. Kwa pumzi moja nilidhani haijawahi kuguswa na sindano. Nikaileta karibu na uso, ikanukia asali.

Nilipitisha ukucha pembeni kabisa, mahali pasipo na muziki. Ukatoka na uzi mwembamba wa njano. Mifereji yote, pande zote mbili, ilikuwa imejazwa nta.

"Mzee wangu, hii umeifanyaje?"

"Nimeitunza." Alinyoosha mkono akanionyesha uani pote. "Uta wangu una nta. Mpini wa shoka una nta. Mkanda huu nilioufunga una miaka mingi kuliko wewe, una nta. Gramafoni yetu ilipokufa nikasema, sasa hii sahani itakaa bure, vumbi litaila. Nikaipasha nta kidogo kiganjani, nikaipaka. Kila mwaka naipaka."

Kwa kila kitu kingine pale uani alikuwa sahihi. Mkanda ule ulikuwa laini kama wa juzi. Sindano ingewekwa juu ya santuri ile ingelima nta tu, na kama ingefika chini ingeburuta nta na muziki pamoja.

Nilimweleza hivyo, taratibu. Alinisikiliza huku akiishika santuri kwa ncha za vidole, pembeni, kama wanavyoishika watu wanaojua.

"Kwa hiyo hailii tena?"

"Sijui, mzee."

Mkewe aliacha kupeta. "Si nilisema? Miaka arobaini na kitu naambiwa, mimi nilikuwa mwimbaji, mimi nilikuwa mwimbaji. Kila mzee wa Ipole aliwahi kuimba mahali. Jirani yule pale aliwahi kuwa kipa wa mkoa."

"Huyu mama," mzee aliniambia, kana kwamba mkewe hayupo, "baba yake alikuwa mtu wa kanisani. Alisema binti yangu haolewi na mpiga muziki. Nikaacha bendi mwezi mmoja kabla ya kupeleka barua ya posa. Nikamwahidi baba yake kuwa sitaimba tena, na sijaimba. Redio haikuupiga upande ule. Nyumbani niliona hata kuupiga ni kuvunja ahadi, mpaka gramafoni ikafa. Na aliyekuwa kiongozi wa bendi, ambaye watu wanasema ndiye aliyeimba, naye amekufa. Sasa nani aseme?"

"Si useme wewe," mkewe alimjibu. "Husemi kila siku?"

Nilimuuliza kama anauza. Alifikiri, akasema ataniuzia, ila kwa sharti moja. Kwanza ilie pale pale uani, na mama yule asikie. Baada ya hapo niondoke nayo.

"Ilie!" mama alisema. "Italia nini, nta?"

Mzee alikubali niipeleke kwanza kwa fundi, nikarudi mjini na santuri mapajani. Nilipomwekea fundi mezani, aliigeuza kama kawaida, akaitazama dirishani, akanusa. Hakucheka. Alivua miwani akaifuta.

"Moto hapana," alisema. "Nta ikianza kuyeyuka, santuri nayo inaanza kupinda. Maji hayaijui nta. Acha nifikiri. Rudi kesho asubuhi."

Kesho yake nilimkuta ameshaharibu santuri mbili. Zilikuwa zake, za kutupa, na alikuwa amezipaka nta kwa makusudi ili ajaribu. Moja aliisafisha kwa petroli, hakuipenda ilivyobadilika rangi. Ya pili aliisafisha kwa mafuta ya taa yaliyochujwa kwa pamba, na hiyo ililia.

Kazi yenyewe ilichukua siku tatu, na naweza kusema sijaona kazi ya mikono iliyofanywa kwa subira zaidi. Aliifunika lebo pande zote mbili kwa vifuniko vya makopo vyenye ukingo wa mpira, akavibana kwa skrubu iliyopita kwenye tundu la katikati. Alitumia brashi laini ya kuchania nywele za mtoto mchanga. Alichovya, akazungusha kwa kufuata mifereji, hakukatiza hata mara moja. Mizunguko kumi, anafuta kwa kipande cha kanga kilichochakaa, anatazama dirishani, anachovya tena. Mteja akija na redio anamwambia aiache. Siku ya pili mchana nilimuuliza kama hachoki.

"Mwandishi, hapa ndani kuna mtu anaimba. Nikiharakisha nitamkata koo."

Siku ya tatu aliiosha kwa maji ya uvuguvugu yenye povu la sabuni ya mche, akaisimamisha kivulini ikauke. Tukaitazama. Upande wa kwanza, ule wa dansi, ulikuwa umechoka. Mistari ya sindano ilionekana kama njia za ng'ombe. Upande wa pili ulikuwa mweusi, mzito, hauna mkwaruzo hata mmoja. Enzi zake hakuna aliyeupiga, na baada ya hapo nta iliuzuia usiguswe na vumbi wala kidole kwa zaidi ya miaka arobaini. Kosa la mzee lilikuwa limeniwekea nakala nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuisikia ikitajwa.

Fundi alifungua vifuniko. Kwenye lebo palichapishwa jina la bendi, jina la wimbo na jina la kiongozi. Chini yake, kwa kalamu ya wino wa bluu ambayo kule Ipole sikuiona kwa ule mng'ao wa nta, kulikuwa na jina la yule mzee wa Ipole, na mbele yake neno moja: mwimbaji.

"Hii nayo niitoe?" aliniuliza. "Spiriti kidogo na pamba. Dakika moja, hakuna atakayejua palikuwa na kitu."

Ujumbe wa mnunuzi wa Dar es Salaam ulikuwa kwenye simu yangu tangu juzi: lebo isiwe na maandishi. Kwa wino ule ng'ombe mmoja kati ya wale watatu alikuwa anarudi zizini kwake. Nilijua pia kitu kingine. Kati ya nakala zote za santuri ile zilizobaki duniani, tatu au nne, hapo ndipo mahali pekee palipoandikwa nani aliimba. Watu wa kampuni hawakuandika. Aliandika mwenyewe, chumbani kwake, kwa kalamu.

Natamani niseme nilijibu papo hapo. Kwanza bodaboda mbili zilipita nje. Fundi alisubiri, pamba mkononi, bila kuniangalia.

"Acha," nilisema.

"Sawa," akarudishia kizibo cha spiriti. Kisha akavuta kutoka chini ya meza gramafoni ndogo ya betri, ya mkononi, iliyokuwa ya baba yake. "Hii nakuazima. Huko utaipiga kwa chombo gani? Sindano ni mpya. Santuri ukirudi bila yake shauri yako, lakini gramafoni yangu irudi."

Sikuijaribu mjini. Aliniambia nisifanye hivyo, na mimi mwenyewe sikutaka kuisikia kabla ya mwenye nayo.

Ipole walikuwa wananisubiri. Mzee alikuwa amevaa shati la mikono mirefu na kulifunga hadi kifungo cha juu. Mkewe alijifanya ana kazi, amekaa kwenye kigoda anachambua maharage, mgongo nusu umetugeukia. Niliiweka gramafoni juu ya mzinga mtupu, nikaigeuza santuri upande wa pili. Mzee aligusa jina lake kwenye lebo kwa kidole, nikamwambia kalamu hiyo inashusha bei lakini tumeiacha, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

Kwanza kulikuwa na mchakacho wa sindano. Kisha gitaa la besi, zito, likitembea polepole. Ngoma. Halafu tarumbeta mbili zikaingia kwa pamoja, na nyuma yake sauti ya kijana ambayo ilipanda bila haraka, ikakaa juu, ikavunjika kidogo pale ilipopaswa kuvunjika. Nimesikia soul nyingi. Ile ilikuwa ya mtu anayeimba akijua kwamba huenda hataimba tena.

Mzee alikuwa ameinamisha kichwa. Hakumtazama mkewe. Mikono yake ilining'inia tu, mikono ya kazi isiyo na kazi.

"Sauti nzuri," mama alisema, bado anachambua. "Lakini sauti ni sauti. Hata yule kiongozi wenu alikuwa na sauti."

Mzee alishika kifungo cha juu cha shati lake. Mimi niliiangalia sindano, hayo hayakuwa shauri langu.

Wimbo ulifika mahali ambapo vyombo vinanyamaza. Kijana akabaki peke yake, akaita. Hakuita jina, ni wito tu, unaoanzia chini, unapanda, halafu mwishoni unavutwa na kukunjwa, mara mbili, kama mtu anayerusha kamba juu ya tawi.

Maharage yalimwagika. Mama alikuwa amesimama.

"Rudisha hapo," aliniambia.

Nilirudisha sindano. Wito ukaja tena. Mama aliweka mkono mdomoni, akaushusha.

"Hivyo ndivyo unavyoniita ukiwa mizingani," alimwambia mumewe. "Ukitaka nilete ndoo. Miaka yote hii unaniita hivyo hivyo."

"Ndiyo."

"Ulimwahidi baba kwamba hutaimba."

"Kuita si kuimba," mzee alisema.

"Muongo mkubwa wewe!" Alikuwa anacheka na kujipangusa macho kwa ncha ya kanga. "Na mimi najibu! Najibu kila siku kama mjinga, naleta ndoo!"

Tuliipiga mara nne. Jirani, yule aliyewahi kuwa kipa wa mkoa, alikuja akaegemea ua, akasikiliza, akasema yeye siku zote amekuwa akisema kwamba mzee huyu aliimba. Hakuna aliyembishia.

Ilipokwisha mara ya nne, mzee aliitoa santuri mwenyewe, akaishika pembeni, akanikabidhi. "Haya, mwanangu. Maneno ni maneno. Mimi nimesikia. Chukua."

"Chukua nini?" mkewe akauliza.

"Tuliahidiana. Ilie, asikie mama, aondoke nayo."

"Mimi sijamaliza kusikia," mama alisema. Alinigeukia. "Mwanangu, wewe ulikuja kwa ajili ya sahani inayong'aa. Hii haing'ai tena. Na ina kalamu. Umesema mwenyewe kalamu inashusha bei."

"Inashusha, mama."

"Basi si nzuri kwa biashara yako."

Mzee alinitazama, akingoja niseme. Neno lake lilikuwa mkononi mwangu, na lingemkaba kama ningelishika. Nikamwambia kwamba mama amekagua vizuri, santuri ina kasoro, nashindwa kuinunua. Alitoa pumzi kwa pua, polepole, akanipokonya santuri kabla sijabadili mawazo.

Kisha, bila kufikiri, aliingia ndani akatoka na kopo lake la nta. Mkewe alilichukua mkononi mwake, akalikalia.

Gramafoni niliiacha juu ya mzinga. Wangeisikilizaje bila hiyo? Nilirudi mjini na lita tano za asali mbichi, na njia nzima nilikuwa napanga jinsi ya kujieleza.

Fundi alikuwa amefungua redio ya mtu, kichwa kimeinama ndani. Niliweka asali mezani. Aliitazama, akatazama mikono yangu, akatazama mlangoni kama kuna kitu nimekiacha nje. Hakuna.

"Ilikata popote?" aliuliza.

"Wapi, mama?"

"Upande wa pili. Sindano iliruka? Pale pembezoni nta ilikuwa imeshika sana, sikuwa na uhakika."

"Haikuruka. Mara nne, haikuruka."

Alitikisa kichwa kukubali, akavuta bisibisi yake, akarudi kwenye redio.